Ni Yeye, au Anafanana Naye?



Injili ya Yohane sura ya 9 wote tunaijua, ile ya mtu aliyezaliwa kipofu. Tukiisikia kwenye Kwaresima huwa tunakimbilia lile tope, kisima cha Siloamu na ubishi wa Mafarisayo. Mstari wa 8 na wa 9 tunaupita haraka. Mtu karudi anaona. Majirani waliomzoea akiwa ombaomba wanamkodolea macho. Mmoja anasema ni yeye. Mwingine anasema hapana, wanafanana tu. Wanabishana hivyo yeye mwenyewe kasimama pale pale, na anabaki kurudia kwamba ni mimi jamani, ni mimi. (Hiyo “jamani” nimeiongeza, lakini ukisoma vizuri unaisikia.)

Mistari hiyo miwili haijanitoka kichwani wiki kadhaa sasa, na iliyoniletea ni muvi. Naomba mnivumilie kidogo, maana kwa filamu tutafika Makambako, kwenye jambo ambalo baadhi yenu mtalipigia kura Jumapili hii.

Vijana wa Njombe mjini mnajua hali ilivyo Jumamosi jioni baada ya mazoezi ya kwaya. Ukungu umeshuka, baridi imeshika, hakuna mwenye haraka ya kutoka nje. Mwezi uliopita tulibaki ukumbini, mmoja akatoa fleshi yake, tukachomeka kwenye laptop na kutazama Star Trek ile ya mwaka 2009. Wengi walikuwa wameshaiona, baadhi zaidi ya mara tatu. Ilipoisha, kijana mmoja wa kidato cha sita akasema, “Frateri, ngoja nikuonyeshe orijino,” akafungua kipindi kimoja cha mwaka 1966. Hazikupita dakika tano ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Miamba inaonekana kama maboksi yaliyopakwa rangi. Taa za mitambo zinawaka kama za mti wa Krismasi. Binti mmoja wa sauti ya kwanza akatoa hukumu: “Hii ndiyo feki. Wameiga ile tuliyoangalia.”

Basi ukazuka ubishi hadi mlinzi akaja kuuliza kama kuna usalama.

Kwa wasioijua, nieleze. Star Trek ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni Marekani tarehe 8 Septemba 1966, mtunzi wake akiwa Gene Roddenberry. Ni habari ya chombo cha angani kiitwacho Enterprise, na wahudumu wake wanatoka mataifa mbalimbali, hata sayari mbalimbali. Nahodha ni Kirk. Msaidizi wake ni Spock, ambaye mama yake ni binadamu na baba yake ni mtu wa sayari ya Vulcan, watu wenye masikio yaliyochongoka wanaotanguliza akili mbele ya hisia. Sisi tuliopitia falsafa tunampenda sana Spock, nadhani mnaelewa kwa nini.

Na kwenye mitambo ya mawasiliano amekaa dada mmoja mweusi anaitwa Uhura. Jina hilo limetoka kwenye neno letu, uhuru. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba siku ya kwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu chenye jina hilo mkononi, na jina likazaliwa hapo. Hebu fikirini mwaka wenyewe. Tanganyika ina miaka minne na miezi kadhaa tangu ijitawale, Kenya haijatimiza mitatu, na Wamarekani weusi ndiyo kwanza mwaka uliotangulia wamepata sheria ya kulinda haki yao ya kupiga kura. Halafu neno la Kiswahili linawekwa angani, kwenye karne ya 23, likiwa jina la ofisa anayeheshimiwa. Tena katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa kuna mtu anamsemesha Uhura kwa Kiswahili. Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyemshawishi abaki ni Martin Luther King, aliyemwambia kwamba kwa mara ya kwanza watu wanawaona weusi kama wanavyostahili kuonekana. Akabaki. Nimewaeleza haya kwa urefu kwa sababu ukumbini hakuna aliyeyajua, na ni habari yetu pia.

Filamu ya 2009, iliyoongozwa na J.J. Abrams, haikuja kuendeleza hadithi hiyo. Ilikuja kuianza upya, kama unavyozima simu iliyoganda ukaiwasha. Wahusika wale wale wakiwa vijana, sura mpya. Zachary Quinto akawa Spock, Zoe Saldaña akawa Uhura. Ili mabadiliko yapate sababu, watunzi wakamleta adui kutoka wakati ujao, akarudi nyuma na kusababisha kifo cha baba yake Kirk saa ile ile Kirk anazaliwa. Kuanzia hapo historia inashika njia nyingine. Sayari ya Vulcan inaangamizwa, mama yake Spock anakufa, na Uhura na Spock wanapendana.

Mashabiki wa zamani wakagawanyika vibaya. Wapo waliotoka ukumbini wakilia kwa furaha. Wapo waliosema hii si Star Trek, ni vita na milipuko tu. Ile ya kwetu ilikuwa inafikirisha. Mnaifutaje Vulcan? Tumeishi nayo miaka arobaini! The Onion, gazeti la vichekesho la Marekani, likawatania kwa taarifa ya uongo kwamba mashabiki wanailalamikia filamu hiyo kwa sababu inafurahisha na inatazamika.

Tusiwacheke haraka. Bila mashabiki hao kusingekuwa na kitu cha kuanza upya. Mwishoni mwa mwaka 1967 zilipozagaa habari kwamba tamthilia itafutwa, waliandika barua kwa maelfu kwenda kituo cha televisheni, wakiongozwa na mama mmoja aitwaye Bjo Trimble na mumewe, na msimu wa tatu ukapatikana. Jumla vikawa vipindi 79. Mtu aliyenunua stempu kwa ajili ya kitu ana haki ya kukisemea. Na mara nyingine malalamiko yao yana msingi kabisa. Filamu iliyofuata, ya mwaka 2013, ilichukua adui na matukio ya filamu ya 1982, ikabadilishana wahusika, na hata mimi nisiye shabiki wa siku nyingi niliona kwamba imeazima machozi ambayo haikuyafanyia kazi.

Ila tazameni jambo hili. Mwaka 1987 ilikuja tamthilia mpya ya Star Trek yenye nahodha mwingine, Patrick Stewart, mwanamume mwenye upara. Mashabiki wakasema hapana, bila Kirk na Spock hakuna kitu. Ile iliyokataliwa ikaenda misimu saba. Leo wapo wanaoapa kwamba hiyo ndiyo yenyewe, na kwamba zilizofuata ndizo zilizoharibu. Na binti yetu wa sauti ya kwanza, ambaye wazazi wake hawakuwa wamezaliwa mwaka 1966, mwaka ambao Tanzania Bara hata televisheni haikuwepo, kwake orijino ni ya 2009. Neno “orijino” lilinisumbua usiku ule. Mara nyingi tukisema kitu fulani ndicho halisi, tunachosema hasa ni kwamba ndicho tulichokutana nacho kwanza, tulipokuwa wadogo na moyo ulikuwa bado laini.

Maandiko yanawajua watu hawa. Fungueni Ezra sura ya 3, kuanzia mstari wa 10. Hekalu la Solomoni lilibomolewa na Wababeli, watu wakapelekwa utumwani, na baada ya miaka kama hamsini wengine wakarudi. Wanaweka msingi wa hekalu jipya. Makuhani wana tarumbeta, Walawi wana matoazi, vijana wanapiga kelele za shangwe. Na katikati ya shangwe hiyo, wazee walioliona hekalu la kwanza wanalia kwa sauti kubwa. Mwandishi anasema watu hawakuweza kutofautisha sauti ya furaha na sauti ya kilio, na kelele zilisikika mbali. Naona ni moja ya picha za kweli kabisa katika Agano la Kale. Wazee wale hawakuwa wabaya. Walikumbuka dhahabu, walikumbuka walivyoshikwa mkono na baba zao kupanda ngazi zile, na sasa wanaona mawe machache kwenye vumbi. Baadaye nabii Hagai (sura ya 2) anaongea nao, na hawaambii kwamba wamekosea kukumbuka. Anauliza waziwazi nani kati yenu aliiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza, na sasa mnaionaje, si kama si kitu? Halafu anawaambia jipeni moyo, mkafanye kazi. Kilio kinaruhusiwa, ila mawe lazima yapandishwe.

Kwetu pia kilio hicho kimesikika. Waulizeni bibi zenu ilikuwaje Misa ilipotoka kwenye Kilatini kuja kwenye Kiswahili baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na ngoma zilipoingia kanisani. Wapo waliohisi kwamba Mungu amehamishwa nyumba. Leo wajukuu wa watu hao wanaona ngoma ni za tangu enzi za mitume, na wanaoleta kinanda kipya ndio wanaoharibu. Nasema hivi bila kumcheka mtu. Mimi mwenyewe nikisikia Tantum Ergo ikiimbwa na wazee, nasimama kimya.

Sasa upo ushabiki mwingine, na huo siwezi kuutetea. Mwaka 2014 lilipotoka tangazo la kwanza la Star Wars mpya, likamwonyesha John Boyega, Mwingereza mwenye wazazi Wanigeria, amevaa vazi la askari wa hadithi ile, watu walilalamika kwamba askari hawezi kuwa mweusi. Katika filamu iliyofuata akaingia Kelly Marie Tran, Mmarekani mwenye wazazi Wavietnamu. Alitukanwa sura yake, umbo lake na asili yake kwa miezi mingi, hadi mwaka 2018 akafuta picha zake zote kwenye Instagram. Waliofanya hivyo walijiita wapenzi wa hadithi. Walikuwa wanalinda kumbukumbu ya utoto wao, na katika kuilinda wakamkanyaga mtu mzima mwenye jina na mama yake. Vijana, upendo unaohitaji kumdhalilisha mtu ili kitu chako kibaki kama ulivyokikuta, Katekisimu ina maneno mengine ya kuuita.

Ndani ya filamu ile ya 2009 kuna mzee mmoja. Leonard Nimoy, Spock wa mwaka 1966, amerudi akiwa na miaka karibu themanini, na anakutana uso kwa uso na Spock kijana. Angeweza kumwambia kwamba wewe ni wa kuiga. Sayari yake imeangamizwa, historia yote aliyoishi hakuna mwingine anayeikumbuka, na aliye mbele yake ana jina lake na cheo chake. Anamtakia heri na kumwachia nafasi. Nilimkumbuka Yohane Mbatizaji (Yohane 3:30), anayeona wanafunzi wake wanamhama kumfuata mwingine na anasema ndivyo inavyopasa, yeye azidi, mimi nipungue.

Mtaniuliza: kama kila kitu kinaweza kubadilika, basi tunajuaje kwamba ni kile kile? Swali zuri. Wagiriki walikuwa na fumbo la meli ya Theseus, ambalo Plutarko ameliandika: mbao za meli zikioza zinabadilishwa moja moja, hadi haibaki hata moja ya zamani. Je, ni meli ile ile? Darasani tulibishana saa mbili. Mtu wa Makambako hahitaji meli, ana TAZARA. Tangu 1976 ilipokabidhiwa, injini zimebadilishwa, mabehewa yamebadilishwa, wafanyakazi wa kwanza wamestaafu na wengi wamefariki. Hata hivyo mama anayesubiri pale stesheni haulizi kama ni TAZARA ile ile. Anauliza tu inafika saa ngapi. Kinachoifanya kuwa yenyewe si chuma. Ni njia inayopita, toka wapi kwenda wapi.

Kwa binadamu jibu ni gumu zaidi, na hapa falsafa inaniishia, nahitaji Pasaka. Bwana mfufuka ndiye aliyewashinda kumtambua kuliko wote. Maria Magdalena alimdhani mtunza bustani. Wale wawili wa njia ya Emau walitembea naye kilometa kadhaa wakimweleza habari zake mwenyewe. Alikuwa mpya kweli kweli, milango iliyofungwa haikumzuia. Na alikuwa yule yule, maana madonda yalikuwepo. Hakuyafuta. Alimwonyesha Tomaso mikono na ubavu. Ufufuko haukuianza hadithi upya kwa kufuta Ijumaa Kuu. Na Maria hakumtambua kwa sura, alimtambua alipoitwa jina lake.

(Kumbe na filamu yetu ina jambo la jina. Kirk anahangaika muda wote kujua jina la kwanza la Uhura, naye anamnyima. Analisikia mwishoni likitoka kinywani mwa Spock: Nyota. Jina hilo wasomaji wa vitabu vya hadithi hizi walikuwa nalo miaka mingi, lakini kwenye skrini halikuwahi kutamkwa hadi 2009. Ukumbi wetu ulipiga makofi hapo.)

Sasa Makambako.

Katika kigango kimoja upande huo, ambako natumwa Jumapili mbili kwa mwezi, yupo kijana ambaye zamani alikuwa bodaboda pale stendi. Amenipa ruhusa niandike, mradi nisitaje jina. Wenzake walikuwa wanachangishana, na yeye ndiye aliyeaminiwa kupeleka fedha benki. Siku moja hazikufika. Nyingine ziliishia kwenye mikeka ya kubeti, nyingine kwenye ulanzi, na yeye akapotelea Tunduma miaka miwili. Mwaka jana alirudi. Alikwenda kwa padre, akaungama. Halafu akawaendea wale wenzake mmoja mmoja, na tangu hapo anawarudishia kidogo kidogo kwa fedha anayopata kwa kupakia viazi kwenye malori. Anaimba besi. Hajakosa zoezi hata moja.

Sasa umoja wa vijana wa kigango unachagua viongozi, na mtu akapendekeza jina lake awe mweka hazina. Mnaweza kufikiria kikao kilivyokuwa. Mmoja akasema kabadilika, ni mtu mwingine kabisa. Mwingine akasema hakuna mtu mwingine hapo, ni yule yule, tunamjua. Wa tatu akamwita kwa lile jina lake la stendi, ukumbi ukacheka. Yeye alikuwa amekaa mstari wa nyuma. Uamuzi ukaahirishwa hadi Jumapili hii.

Nisemeje? Kwanza, waliosema ni mtu mwingine kabisa wanamkosea bila kujua. Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Fedha zile alizila yeye, ndiyo maana anazirudisha yeye. Angekuwa mtu mwingine, deni lingekuwa la nani? Anabeba madonda yake na kuyaonyesha. Zakayo katika Luka 19 hakumwambia Bwana kwamba mtoza ushuru wa jana amekufa. Alisema niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Pili, waliosema ni yule yule, tunamjua, wamebaki na kipindi cha kwanza. Wameshamtazama, wamekariri, na hawataki kuona kingine hata kikipita mbele yao kila Jumamosi kikiimba besi. Na wa tatu, yule wa jina la stendi, aache. Kwenye ubatizo aliitwa jina lingine.

Lakini msiniambie basi frateri anataka tumpe kisanduku na tufumbe macho. Sivyo. Kumsamehe mtu na kumkabidhi funguo ni mambo mawili, na aliyewahi kushindwa na fedha hasaidiwi kwa kuachiwa peke yake nazo. Yeye mwenyewe aliniambia hivyo kabla sijamwambia. Alisema kwamba akichaguliwa anaomba kisanduku kiwe na makufuli mawili, ufunguo mmoja akae nao katibu, na hesabu zisomwe kila mwezi mbele ya watu. Wapo wahazini ambao hawajawahi kuiba na hawajawahi kuomba hivyo. Na kama wengi wataona ni mapema mno, si dhambi. Apewe nafasi nyingine yenye kazi ya kweli, na sababu iwe hiyo ya mapema. Kicheko kile kisiwe sababu.

Mimi sina kura, na paroko amenikumbusha hivyo kwa upole. Uchaguzi ni baada ya Misa ya pili. Daftari la marejesho, lenye sahihi za wale bodaboda wote waliokwisha kulipwa, liko kwa katekista tangu Alhamisi, na mwenyewe kasema mtu yeyote akaliangalie. Hadi naandika haya limefunguliwa na watu wanne.